Wasomaji Wauliza: Tumbo Limejaa Maji, Tukubali Atolewe?

Swali: Shikamoo daktari. Baba yetu ana miaka 58. Tumbo lilianza kujaa tangu Ramadhani, miguu imevimba, mikono imebaki mifupa. Ultrasound imeonyesha ini limesinyaa na bandama imekua. Hospitali wanataka kumtoa maji, ila wazee hapa nyumbani wanasema mtu akitolewa maji hamalizi mwezi. Tufanyeje? – Msomaji, Sengerema

Jibu: Marahaba. Kubalini, na msichelewe. Wengi wanaofariki baada ya kutolewa maji huwa wamefikishwa hospitali ugonjwa umeshakomaa, na kwa kuwa sindano ndiyo iliyoonekana mwisho, ndiyo inayobeba lawama. Hata hivyo hofu ya wazee ina ukweli kidogo: yakitoka zaidi ya lita 5 kwa mkupuo bila mgonjwa kuwekewa albumini (protini ya damu) kwenye mshipa, presha hushuka na figo zinaweza kugoma. Kiwango ni gramu 8 za albumini kwa kila lita iliyotoka. Chupa ya mililita 100 yenye nguvu ya asilimia 20 ina gramu 20, kwa hiyo mtu aliyetolewa lita 8 anahitaji chupa tatu na ziada kidogo. Dawa hii ni ghali na haipatikani kila mahali. Isipokuwepo, ombeni atolewe kidogo kidogo, chini ya lita 5 kila mara.

Dai moja msiliache: maji yapimwe maabara. Inasikitisha kuona ndoo nzima ikimwagwa chooni bila hata kijiko kimoja kupimwa. Seli nyeupe aina ya neutrofili zikizidi 250 kwa kila milimita moja ya ujazo, maji yana bakteria, na antibayotiki inaanza siku hiyo hiyo. Halafu albumini ya maji ilinganishwe na ya damu. Tofauti ikiwa gramu 11 kwa lita au zaidi, chanzo ni presha kubwa katika mshipa unaopeleka damu kwenye ini. Ikiwa pungufu, daktari atafute kifua kikuu cha tumbo au saratani, ambavyo matibabu yake ni mengine kabisa.

Baada ya hapo kazi kubwa iko jikoni. Ini lenye makovu huzuia damu inayotoka kwenye utumbo, figo nazo hushikilia chumvi, na penye chumvi maji hufuata. Baba asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, kwa milo yote pamoja. Hesabuni na ile isiyoonekana: ng'onda, vidonge vya mchuzi, mkate, na magadi mnayotia kwenye maharage au mlenda, maana magadi ni sodiamu ileile. Ndimu, tangawizi na kitunguu saumu vitaleta ladha.

Msimnyime nyama, mayai wala samaki. Misuli yake inaliwa na ugonjwa; mtu wa kilo 60 anahitaji gramu 72 hadi 90 za protini kwa siku, na kikombe cha uji wa maziwa kabla ya kulala, ili mwili usichome misuli usiku kucha.

Dawa za kukojoza kwa kawaida huanza na spironolaktoni miligramu 100 na furosemidi miligramu 40, asubuhi. Apimwe uzito kila siku kabla ya chai. Akiwa na uvimbe wa miguu apungue kisichozidi kilo 1 kwa siku, na miguu ikishanywea, nusu kilo. Akipungua haraka zaidi ya hapo, figo zinaumia. Chumvi za damu (sodiamu na potasiamu) na kreatinini, kipimo cha figo, vipimwe mara kwa mara. Diklofenaki na ibuprofeni ni marufuku hata kama mgongo unauma, kwa sababu hupunguza damu inayofika kwenye figo. Parasetamoli anaweza kutumia, isizidi vidonge vinne vya miligramu 500 kwa siku. Pombe aache kabisa, chanzo kiwe ni nini.

Na chanzo lazima kijulikane: apimwe homa ya ini B na C, na kwa kuwa mnaishi kando ya Ziwa Victoria, kichocho cha tumbo. Mayai ya kichocho hukwama kwenye ini na kuacha makovu. Dawa yake, prazikwanteli, ni miligramu 40 kwa kila kilo ya mwili. Mtu wa kilo 60 humeza vidonge vinne vya miligramu 600, baada ya kula. Huua minyoo, ila makovu makubwa hubaki.

Swali: Mama ana ugonjwa wa ini. Siku hizi analala mchana, usiku yuko macho, anaongea maneno yasiyoeleweka. Majirani wanasema ni mapepo. – Msomaji, Tanga

Jibu: Ni sumu ambazo ini limeshindwa kuzichuja, hasa amonia, zimefika kwenye ubongo. Mwambie anyooshe mikono mbele na kukunja viganja kama anayesimamisha gari. Vikipigapiga, mpelekeni hospitali leo. Huko watatafuta kilichochochea: choo kigumu, maambukizi, kuvuja damu, dawa za usingizi, au dawa za kukojoza zilizozidi. Dawa yenyewe ni laktulosi, mililita 15 hadi 30 mara mbili au tatu kwa siku, ikirekebishwa mpaka apate choo laini mara mbili au tatu. Akiharisha, punguzeni, kwani kukaukiwa maji hurudisha tatizo lilelile.

Akitapika damu au akipata choo cheusi kama lami, usiku wa manane au vyovyote vile, msingoje kukuche. Ni mishipa ya koo la chakula imepasuka. Nendeni na ndugu wa kuchangia damu, kwenye hospitali yenye kamera ya kufunga mishipa kwa mpira.

Swali: Nilienda kutoa damu nikaambiwa nina hepatitisi B (homa ya ini B). Sina maumivu yoyote. Nianze dawa? – Msomaji, Mombasa

Jibu: Kwanza pima HIV. Tenofoviri, dawa ya homa ya ini B, ikitumika peke yake kwa mwenye HIV huzalisha usugu wa HIV kwa dawa. Naye aliye kwenye TLD, kidonge cha HIV chenye tenofoviri ndani yake, tayari anatibiwa virusi vyote viwili, asibadilishiwe dawa kiholela. Kipimo cha HBsAg, kinachoonyesha virusi vya homa ya ini B kwenye damu, kikibaki chanya baada ya miezi 6, ugonjwa ni sugu.

Kujua kama ini lina makovu, chukua AST yako (kipimo cha damu cha ini), igawe kwa kiwango cha juu cha kawaida cha maabara, zidisha kwa 100, kisha gawa kwa chembe sahani, zile za kugandisha damu (kwa maelfu). AST 60, kiwango 40, chembe sahani 120: jibu ni 1.25. Kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2024, ukizidi 0.5 unastahili dawa, na ukizidi 1 huenda ini limeshasinyaa. Dawa ni tenofoviri miligramu 300 kila siku, kwa miaka mingi. Ukiikatisha mwenyewe virusi hulipuka na ini linaweza kufeli.

Mwenzi na watoto wapimwe. Wasio nayo wachanjwe mara tatu: leo, baada ya mwezi 1 na mwezi wa 6. Sahani na vikombe mtumie pamoja, wembe na mswaki hapana.

Swali: Mahindi yenye ukungu nikiyaosha na kuyapika vizuri, si yanafaa? – Msomaji, Kondoa

Jibu: Hayafai. Sumukuvu, yaani sumu inayoachwa na ukungu, haifi kwa moto wa jikoni, na kwa mwenye homa ya ini B huongeza sana hatari ya saratani ya ini. Usimpe ng'ombe pia, sumu hupita kwenye maziwa. Kabla ya kuhifadhi, tia mahindi kwenye chupa kavu pamoja na chumvi kavu, tikisa, acha dakika 15. Chumvi ikinata kwenye chupa, rudisha mahindi juani, juu ya turubai.