Niuze kiwanja nikasome MBA Uingereza?

SWALI: Shikamoo kaka. Nina miaka 29, ni mhasibu katika kampuni ya usambazaji Dar es Salaam. Mkononi napata 1,600,000 kwa mwezi. CPA (cheti cha taaluma ya uhasibu) zimenibakia pepa mbili. Nimepata nafasi mbili za MBA (shahada ya uzamili ya biashara): moja Uingereza, mwaka mmoja, ada ni kama milioni 85, nyingine ya jioni hapa Dar, miaka miwili, jumla milioni 13. Mwajiri hatoi likizo ya masomo yenye mshahara. Nataka kuwa meneja wa fedha. Nina kiwanja Kigamboni, je, nikiuze?

JIBU: Marahaba, dada yangu. Kiwanja kiache kwanza, tupige hesabu.

Milioni 85 ni ada tu. Tuseme kuishi kule kutakula milioni 35. Mshahara utakaoukosa kwa miezi 12 ni milioni 19.2, na ukirudi ukakaa miezi minne ukitafuta kazi, ongeza milioni 6.4. Hapo ni 145.6, bado tiketi, viza na ile ada ya afya ya pauni 776 kwa mwaka ambayo mwanafunzi hulipa anapoomba viza. Andika milioni 150. Ya jioni ni milioni 13, nauli na usingizi, huku mshahara ukiingia kila mwezi. (Mimi nilisoma ya jioni. Somo la kwanza kulifaulu lilikuwa kulala nimesimama kwenye daladala.)

Tofauti ni kama milioni 135, na hapa ndipo wengi wanapojidanganya. Wanalinganisha mshahara wa leo na ule wa umeneja, wanaona nyongeza ya milioni mbili, wanasema pesa itarudi ndani ya miaka sita. Lakini umeneja huo huo unaweza kuupata kwa MBA ya jioni. Kinachotakiwa kulipia ile milioni 135 ni ziada ambayo cheti cha Uingereza kitakuletea juu ya kile cha Dar. Ziada hiyo ikiwa laki tano kwa mwezi, ni milioni sita kwa mwaka: utamaliza kuirudisha una miaka zaidi ya hamsini.

Na kwa lengo lako, ziada hiyo siioni. Nimekaa kwenye usaili wa nafasi za fedha mara nyingi. Kabla hata ya kusoma barua ya maombi, tunaangalia kama mtu ana CPA(T), yaani CPA ya Tanzania, na amesajiliwa NBAA, bodi ya wahasibu na wakaguzi. Asiye nayo, MBA yake haisomwi, hata ingekuwa ya wapi. Kwa hiyo pepa zako mbili zina thamani kuliko barua zote mbili ulizoshika. Zimalize kwanza.

Ningejibu tofauti kama ungeniambia unataka kuhama uhasibu, uingie kampuni za ushauri za kimataifa au Benki ya Maendeleo ya Afrika kule Abidjan. Huko jina la chuo na watu uliosoma nao hufungua milango ambayo darasa la jioni hufungua kwa shida. Hata hivyo nisingeuza kiwanja kabla ya kujaribu ufadhili. Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza, kwa mfano, husomesha shahada ya uzamili ya mwaka mmoja Uingereza kwa mtu mwenye uzoefu wa saa 2,800 za kazi, kwa sharti la kurudi nyumbani angalau miaka miwili. Soma masharti vizuri: kwa MBA ada wanayolipa ina kikomo, inayozidi unaijazia mwenyewe.

Chuo chochote utakachochagua, angalia kama kina ithibati ya kimataifa ya vyuo vya biashara (AMBA, AACSB au EQUIS), na kama ni cha nje, waulize TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, kuhusu kutambuliwa kwa shahada yake. Kisha tafuta wahitimu watatu waliomaliza miaka miwili iliyopita. Usiwaulize kama walifurahia masomo, kila mtu atasema ndiyo. Waulize walikuwa na cheo gani kabla, na wana kipi sasa.

Barua ya Uingereza usiikatae. Waandikie uombe kuahirisha kwa mwaka mmoja, na kabla ya kulipa malipo yoyote ya kushikilia nafasi, wakujibu kwa maandishi kama yanarudishwa usipokwenda.