Macho mekundu ya kinda, na unga unaodaiwa kugeuza rangi ya ndege

SWALI: Kamwene mtaalamu. Nina baji wawili, wale kasuku wadogo wa kufugwa tunduni, dume na jike, wote kijani. Niliwanunua mwezi wa tatu pale Iringa mjini na wako peke yao kwenye tundu. Wametotoa makinda watano. Watatu wanatoa manyoya ya kijani, mmoja bluu. Wa mwisho ana siku tisa, macho yamefunguka na ni mekundu kabisa. Jirani anasema huyo ni kipofu, nimtoe asije akawaambukiza wenzake. Aliyeniuzia nilimpigia simu, akasema jike alikuwa ameshapandwa na dume mwingine ndiyo maana rangi zimechanganyika. Anao unga wa kuweka kwenye maji, nikiuwahi kabla manyoya hayajakamilika wote watatoka bluu, na bluu ndio wenye bei. Baridi imezidi huku Mafinga, usiku nawawekea jiko la mkaa chumbani. Nifanye nini? — Mama wa Mafinga

JIBU: Kamwene sana mama. Umeuliza rangi, lakini naanza na jiko, ulilolitaja kama jambo la kupita. Litoe leo. Mkaa unaowaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na harufu, na ndege hudhurika nayo mapema kuliko mtu. Wachimba makaa ya mawe wa Uingereza walishuka mgodini na ndege tunduni hadi mwaka 1986 kwa sababu hiyo hiyo: ndege akianguka, watu wakimbie. Funika tundu kwa blanketi pande tatu, uache mbele wazi. Kwenye kisanduku cha kutagia weka maranda, kina cha vidole viwili. Mafinga maranda si ya kununua, ila omba ya mbao kavu isiyotiwa dawa. Joto lililobaki atalitoa mama yao.

Sasa kinda wako. Si mgonjwa wala si kipofu, na hana cha kumwambukiza mtu. Macho ni mekundu kwa sababu mwili wake hautengenezi melanini, ile rangi nyeusi, kwa hiyo unachokiona ni damu iliyo nyuma ya jicho. Wafugaji humwita ino. Akiota manyoya ya njano ni lutino, akiota meupe ni albino. Subiri siku nne tano, vijiti vya manyoya vikitokeza mbawani utajua ni yupi. Mwanga mkali humsumbua kidogo, basi, tundu lisikae penye jua la moja kwa moja.

Tena nakupa zawadi ambayo jirani hakukupa: huyo ni jike. Ninasema hivyo bila kumwona. Kwa ndege mambo yamegeuzwa ukilinganisha na sisi: dume ndiye mwenye kromosomu, yaani nyuzi za urithi, mbili zinazofanana, Z na Z, na jike ana Z moja na W moja. Jeni la ino limekaa kwenye Z. Mama yao ni wa kijani mwenye macho meusi, maana yake Z yake pekee ni nzima, na hiyo humpa kila mtoto wa kiume. Mtoto wa kiume akishapata Z moja nzima hawezi kuwa na macho mekundu. Mtoto wa kike hapati Z ya mama, anapata ya baba peke yake. Baba akimpa yenye ino, haina ya kuifunika. Kwa hiyo dume wako ameibeba ino siku zote ndani ya manyoya yake ya kijani. Wafugaji humwita ndege wa namna hiyo spliti.

Kuna angalizo moja. Ipo aina nyingine, falo, yenye macho mekundu pia lakini yenye mistari ya kahawia mgongoni, na hiyo hairithiwi kwa njia ya Z. Ni adimu. Manyoya yakitoka safi bila mstari, hesabu yangu imesimama. Uzuri wewe uliyaangalia macho yakiwa yameshafunguka. Wapo wanaofungua kisanduku siku ya tatu, wakaona wekundu kwenye kope zilizofungwa, wakaanza kupokea oda za lutino. Kinda wa sinamoni, yaani rangi ya mdalasini, naye huanguliwa na macho ya rangi kama ya zambarau iliyoiva, kisha baada ya siku kadhaa yanatiwa giza na huwezi kuyatofautisha na ya wenzake. Mteja aliyelipia lutino anapokea ndege wa kijani mwenye mistari ya kahawia. Ugomvi wa namna hiyo nimeshauamua mara mbili, mara ya pili kwenye kibanda cha chai, ndege akiwa ndani ya boksi la viatu katikati ya meza.

Yule wa bluu ni hadithi nyepesi zaidi. Kijani hufunika bluu. Wazazi wako wote wawili ni spliti wa bluu, na kila yai lao lina nafasi moja kati ya nne ya kutoa kinda wa bluu. Kila yai, mama. Si kwamba watatu wakishatoka kijani wa nne ana deni. Unaweza kupata bluu watatu mfululizo, na unaweza kumaliza uzao mzima usimwone. Kinyume chake hakipo: bluu kwa bluu hawazai kijani hata ukiwapandisha miaka kumi. Huyo muuzaji angekuwa amekuuzia wazazi wa bluu ukapata kijani, hapo tungemtafuta huyo dume mwingine. Kwa kijani kwa kijani jike wako hakuchepuka. Na hata kama angekuja na mbegu za dume mwingine, mbegu hukaa ndani ya jike siku kadhaa, hazikai tangu mwezi wa tatu zikangoja baridi ya Mafinga.

Nimefika kwenye unga, na hapa naomba univumilie, kwa sababu swali hili limenijia kwa sura nyingi mno. Mwaka jana mzee mmoja alitoka Uyole akiwa na kasha la plastiki lililofunikwa kitenge. Ndani makinda wanne wa wiki mbili, wawili wameshakufa. Wale wawili wazima midomo ilikuwa imepakaa wekundu, na mfuko wa chakula wa shingoni, ambao kwa kinda mwenye afya unauona umejaa na mbegu zinaonekana kupitia ngozi, ulikuwa umelegea na una maji mekundu tu. Alikuwa ameuweka unga kwenye maji ya kunywa. Wazazi hawakuyapenda maji yale, wakanywa kidogo sana, na mzazi asiyekunywa hawezi kulainisha chakula cha kumtapikia mtoto. Niliuchota unga kwa ncha ya kijiko nikautia kwenye glasi ya maji. Ulikuwa rangi ya chakula, ile ya kupambia biriani. Glasi ile mpaka leo ina mduara mwekundu chini.

Wauzaji wana hoja ya kukunasa nayo, na naikubali kwamba inaingia akilini. Watakuuliza: kiini cha yai la kuku wa kienyeji si huwa cha njano zaidi akila majani na mahindi ya njano? Kweli. Heroe, wale flamingo wa Ziwa Natron, si huwa wa waridi kwa sababu ya wanachokula? Kweli tena. Hata kanari, akilishwa pilipili tamu nyekundu wakati wa kubadili manyoya, hugeuka rangi ya chungwa. Basi kwa nini si baji?

Kwa sababu baji ni wa ukoo wa kasuku, na kasuku hawachukui rangi ya manyoya kutoka kwenye chakula. Njano yao huitengeneza wenyewe, ndani ya unyoya unapoota. Mlishe karoti gunia zima, atapata vitamini A na kinyesi cha rangi ya chungwa, manyoya yatabaki yalivyo. Mwaka 2017 watafiti walilipata jeni linalofanya kazi hiyo: kwa ndege wa bluu, badiliko la sehemu moja tu kwenye kimeng'enya linazima utengenezaji wote wa njano. Kijani unachokiona kwa dume wako ni njano iliyolala juu ya bluu. Toa njano, bluu inabaki.

Na hiyo bluu yenyewe si rangi ya kuloweka. Okota unyoya wa bluu ulioanguka chini ya tundu, unyanyue uutazame ukiwa kati ya jicho lako na taa. Bluu inatoweka, unaona kijivu kilichofifia kama maji ya chai. Ulaze tena mwanga uupige kwa juu, bluu inarudi. Inatokana na jinsi unyoya ulivyojengwa kwa ndani unavyourudisha mwanga, na melanini iliyo nyuma yake ikimeza mwanga uliobaki. Ndiyo maana kinda wako wa macho mekundu, asiye na melanini, hawezi kuwa wa bluu. Sasa mtu aniambie kijiko cha unga kinaujengaje unyoya upya.

Nikiwa hapo hapo nitaje utapeli mwingine, maana anayeuza unga ndiye huyo huyo atakayekuuzia ndege wa pili. Atakwambia, "Mama, chukua jike huyu wa kijani, ana lutino ndani," na ataongeza bei. Jike hawezi kuwa na lutino ndani. Nimeshaeleza: Z anayo moja, kilichopo juu yake kinaonekana. Jike ni ino au si ino, na ni vivyo hivyo kwa sinamoni na kwa opalini, aina nyingine ya rangi. Au atakuletea ndege wa kawaida aseme ni spliti wa spangeli. Spangeli ni rangi inayotawala; akiwa nayo unaiona mbawani, kila unyoya mweupe au wa njano na ukingo mwembamba mweusi. Hakuna spangeli wa kujificha, kama ambavyo hakuna kijani wa kujificha ndani ya bluu. Mtu anayekuuzia kitu hicho ama hajui ama anajua sana.

Spliti wa kweli wapo, kama hao wako, lakini ushahidi wake ni wazazi wake au watoto wake. Hauko machoni pa muuzaji, wala kwenye ukucha, wala kwenye kivuli cha rangi kifuani. Hao kijani watatu ulionao, kila mmoja ana nafasi mbili kati ya tatu ya kubeba bluu, na mimi mwenye miaka yote hii nikishikishwa mkononi siwezi kukuonyesha yupi. Wewe mwenyewe ukiwauza sema hivyo hivyo: "huenda". Nunua daftari, andika tarehe ya kila yai, nani baba, nani mama, na pete ya mguuni ya kila kinda. Pete ya duara zima, isiyofunguka, huvalishwa kati ya siku ya tano na ya kumi. Ukichelewa vidole havipiti tena, kwa hiyo wa mwisho mvalishe kesho na wakubwa waache, utawavalisha za kufunguka.

Jaribu litakalokuja baada ya hapo nalijua. Utapata hamu ya lutino zaidi, na mtu atakwambia umrudishe binti kwa baba yake, kwani baba si ndiye spliti? Kwa hesabu ya rangi hajakosea, hata nusu ya uzao unaweza kuwa na macho mekundu. Lakini ukifunga ukoo hivyo, kasoro nyingine zilizojificha kwa baba nazo zinakutana, hazichagui macho tu. Huku kwetu nyanda za juu ndege wengi wameshatoka kwenye jozi chache zilizosafirishwa kwa basi miaka ya nyuma, na naletewa makinda wasioota manyoya ya mkia, mayai yasiyoanguliwa, majike wanaotaga uzao wa nne mfululizo hadi yai linakwama tumboni, yote kwa sababu mtu alisikia bluu ina bei. Uzao wa pili ukiisha, toa kisanduku. Jike apumzike miezi kadhaa, apate ganda la yai lililochemshwa na kusagwa, mchicha uliooshwa, na ulezi na uwele kama kawaida. Parachichi hapana, hata kipande. Najua Mafinga na Njombe yamejaa hadi barabarani, ila kwa baji ni sumu ya moyo.

Huyo jike wa macho mekundu mpaka afikishe mwaka mmoja hana haja ya dume. Utakapomtafutia, nunua mbali na ulikonunulia hawa, na kwanza umwulize mwenye ndege kama anayo daftari.