"Kifungo cha halaiki" au "kuwafunga watu kwa wingi"?

SWALI: Natafsiri makala kuhusu The New Jim Crow, kitabu cha 2010 cha mwanasheria Mmarekani Michelle Alexander, anayesema magereza yamechukua nafasi ya zile sheria za zamani za kuwabagua Weusi, zilizoitwa Jim Crow. Je, "kifungo cha halaiki" ni tafsiri sahihi ya "mass incarceration"? Na je, ni sawa kuandika kwamba wakati huo Marekani ilikuwa na wafungwa zaidi ya milioni 2?

JIBU: "Kifungo cha halaiki" kiache. Kifungo ni adhabu ya mtu mmoja, yenye muda wake: kifungo cha miezi 6, kifungo cha maisha. Halaiki nayo, kama katika kaburi la halaiki, ni wengi kwa mkupuo, mahali pamoja. Ukiyaunganisha, msomaji ataona hakimu akihukumu umati mzima siku moja. Anachoeleza Alexander ni kinyume chake: watu walifungwa mmoja mmoja, kila mtu na jalada lake, na ndiyo maana ubaguzi ulikuwa mgumu kuonekana. Sheria ya Marekani ya dawa za kulevya ya mwaka 1986 haikutaja rangi ya mtu. Lakini gramu 5 za krak, kokeini iliyopikwa ikawa vijiwe vya kuvuta, zilitosha kwa kifungo kisichopungua miaka 5. Kokeini ya unga ilihitaji gramu 500. Walioshtakiwa kwa krak wengi wao walikuwa Weusi. Kiwango hicho kilipandishwa hadi gramu 28 mwaka 2010.

Basi andika "kuwafunga watu kwa wingi". "Kufungwa kwa wingi" si kosa la sarufi, ila humficha mtendaji, na hoja nzima ya kitabu ni kwamba yupo anayefunga. Ukihitaji nomino, tumia "ufungaji wa watu gerezani kwa wingi". Usiondoe "gerezani", maana ufungaji peke yake ni wa mabao au wa mizigo.

Kwenye idadi, rekebisha. Mfungwa ameshahukumiwa, mahabusu anasubiri kesi, na Kenya watasema yuko rumande. Hesabu ile inajumlisha magereza na jela za kaunti, ambako wengi hawajahukumiwa, baadhi yao kwa kukosa tu fedha za dhamana. Andika "wafungwa na mahabusu zaidi ya milioni 2".

Tahadhari pia na "mfungwa wa zamani". Alexander anawazungumzia hata waliopewa kifungo cha nje, ambao huenda hawakulala gerezani, lakini wakapoteza haki ya kupiga kura katika majimbo kadhaa, au kukataliwa kazi na nyumba za umma. Hao ni "waliotiwa hatiani".

Jim Crow usimtafsiri, kunguru hahusiki. Ni mhusika wa maigizo ya miaka ya 1830, ambamo Wazungu walijipaka masizi usoni kuwadhihaki Weusi. Andika "sheria za Jim Crow" na ueleze asili ya jina mara ya kwanza unapolitaja.