Ameteguka, ametenguka, au mshipa umekaza?

SWALI: Mwanangu ameumia goti mpirani. Mimi nasema ameteguka mguu, bibi yake anasema ametenguka, kocha anasema mshipa umekaza. Nani yuko sahihi? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Pole kwa kuuguza. Nianze na mguu wenyewe. Mguu wa Kiswahili huanzia nyongani ukaishia vidoleni, kwa hiyo "ameteguka mguu" ni sahihi, ila haimwonyeshi daktari pa kushika. Na maneno tunayo: paja, goti, muundi kwa mbele, shavu la mguu kwa nyuma, kifundo, kisigino, wayo. Kile kifupa kinachocheza mbele ya goti ni pia ya goti, kwa kuwa kimechongoka kuelekea chini kama pia wanayozungusha watoto. Kamusi zina jina lake jingine, kilegesambwa, ambalo nalipenda sana na ningefurahi kulisikia tena midomoni mwa watu.

Teguka linatokana na tega, yaani kuweka kitu kikae sawasawa kama mtego. Kile kiambishi -u- hupindua maana: funga, fungua, ziba, zibua, tega, tegua. Ndiyo maana bomu huteguliwa. Kiungo kilichoteguka kimetoka katika mkao wake. Tenguka ni jirani yake wa karibu: kutengua ni kuondoa kitu kilipowekwa, kama uteuzi wa kiongozi unavyotenguliwa. Bibi na wewe, basi, mnasema jambo lilelile.

Lakini maneno hayo mawili hubeba majeraha ambayo hospitali huyatenganisha: mifupa kuachana kabisa, na kano kuvutika au kuchanika huku mifupa ikiwa mahali pake. La kwanza liiteni "mfupa umetoka", la pili "kano imevutika".

Neno la kocha ndilo linalonipa wasiwasi. Mshipa kwetu ni wa damu, ni wa fahamu, na wengi huutumia hata kwa kano. Katika goti, kano ndizo zinazofunga mfupa kwa mfupa. Kuu ni nne, moja kila ubavu na mbili zinazopishana katikati. Kinachokaza ghafla mchezaji akikimbia kwa kawaida ni msuli, na hapo tuseme msuli.

Usahihi huu una kazi. Madaktari wa nchi nyingi hufuata kanuni za Ottawa, zilizotungwa Kanada miaka ya 1990, kuamua kama goti lililoumia lipigwe picha ya eksirei. Huangalia kama mgonjwa ana miaka 55 au zaidi, kama pia ya goti peke yake inauma ikibonyezwa, kama panauma kwenye kichwa cha ule mfupa mwembamba upande wa nje chini ya goti, kama goti halikunjiki kufikia nyuzi 90, na kama mgonjwa ameshindwa kupiga hatua nne, pale alipoumia na hata mbele ya daktari. Jibu la "mguu unauma" halisaidii hapo hata kidogo.

Kwa hiyo mkifika kwa daktari semeni hivi: "Ameteguka goti la kulia, linauma ubavu wa ndani, pia ya goti haiumi, kutembea anatembea." Na "goti lake" haina haja, ukisema ameteguka goti, kila mtu anajua ni la nani.