Kabla hujalipa kodi ya nyumba Chuga (Arusha), uliza kwanza uko kata gani

Wadau mnaohamia Arusha naona mnauliza tu Sakina chumba bei gani, Njiro bei gani, mara maji yapo, mara kuna fensi, ila kata hakuna anayeuliza. Mimi nimehamahama sana humu mjini na siku hizi dalali akinipeleka kuona nyumba namuuliza mapema, hapa mtaa gani, kata gani, na ni jiji au ni Arusha DC, yaani halmashauri ya upande wa Arumeru?

Maana jiji limekaa chini ya Mlima Meru, na ukipanda huko juu kaskazini nyumba zimeshikana tu mpaka Ilboru na Kiranyi, mpaka wowote huuoni, kumbe ushatoka jijini kitambo, uko wilaya ya Arumeru na mbunge wako ni wa Arumeru Magharibi. Sokon ndo balaa kabisa. Sokon I ni jiji, Sokon II ni Arumeru, na dalali yeye atakwambia "Sokon" basi, kamaliza. Njiro nayo na jina lake lote lile hakuna kata inaitwa Njiro.

Utasema sasa inanihusu nini. Subiri siku unataka NIDA, au kufungua akaunti benki, au kumwekea ndugu yako dhamana, wanataka barua ya utambulisho yenye muhuri wa serikali ya mtaa wa pale unapolala. Mwenyekiti wa mtaa ni wa kuchaguliwa na wakazi, uchaguzi ulikuwa Novemba 2024 na ni miaka mitano, mtendaji ni mwajiriwa, kwa hiyo namba ya mtendaji itafute mapema kabla hujawa na shida. Ukivuka upande wa Arumeru sehemu nyingi utaanza na kitongoji, halafu kijiji.

Barabara ya mtaani imekufa, taka hazizolewi? Mkomalie diwani, yeye ndo anaingia kwenye baraza, na madiwani hao hao ndo wanamchagua meya. Mkurugenzi anateuliwa na Rais, so usitegemee kumpata kwenye karatasi ya kura.

Kuhusu mjumbe wa nyumba kumi, nenda kamsalimie, anajua kila geti na kila mpangaji na mara nyingi utaambiwa uanzie kwake, ila yule ni wa chama (CCM) aisee, muhuri wa serikali ya mtaa hana.