Maswali ya Wasomaji: Bolti zenu na alama ya ubora

SWALI: Tunatengeneza bolti za kichwa cha pembe sita, M8 hadi M20 (kipenyo cha milimita 8 hadi 20), gredi 4.6 na 8.8 (namba za nguvu ya bolti). Tumeomba leseni ya kutumia alama ya ubora ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania), na wakaguzi tunawatarajia baada ya miezi mitatu. Mkurugenzi anataka tuanze kwa kupaka jengo rangi na kubandika mabango ya sera ya ubora. Tuanzie wapi?
Meneja uzalishaji, Kibaha

JIBU: Rangi isubiri. Anzieni stoo ya waya, yaani chuma mnachofulia bolti. Mkaguzi anayeijua kazi ataokota bolti moja kwenye gunia lililo tayari kwenda dukani na kuuliza: hii imetoka kwenye roli gani? Mkimjibu kwa karatasi ndani ya dakika kumi, sehemu ngumu ya ukaguzi mmeivuka.

Kila roli ivishwe kibati chenye namba ya uyeyushaji (ya chuma kilichoyeyushwa pamoja) iliyogongwa, ileile iliyo kwenye cheti cha kiwanda cha chuma. Lebo ya karatasi haifai, mafuta huila kabla ya wiki kuisha. Namba hiyo iandamane na kazi kutoka mashine ya kufua kichwa hadi ya kuviringisha nyuzi, tanuru, zinki na mwisho gunia. Bechi moja iwe na maana moja tu: saizi moja, gredi moja, uyeyushaji mmoja wa chuma, na mkupuo mmoja wa tanuru. Mabaki ya mapipa mawili yakishachanganywa ili gunia lijae, bechi hamna tena.

Kisha someni cheti chenyewe. Waya laini wenye kaboni karibu 0.08% unafaa kwa 4.6, lakini hauwezi kuwa 8.8 hata mkiupika usiku kucha. Kwa 8.8, ISO 898-1 (kiwango cha kimataifa cha bolti za chuma) inadai kaboni kuanzia 0.25% kwa chuma cha kawaida, au kuanzia 0.15% kikiongezewa boroni, manganizi au kromu. Chuma cha boroni chenye kaboni chini ya 0.25% kiwe na manganizi isiyopungua 0.6%. Fosforasi na salfa zisizidi 0.025% kila moja.

Jambo linalosahaulika ni kichwa cha bolti. Kuanzia M5, kichwa kiwe na gredi pamoja na nembo ya mtengenezaji. Bolti iliyoandikwa "8.8" peke yake haina mwenyewe, na dai (kalibu ya chuma ya kufulia kichwa) isiyo na nembo itawahangaisha wiki ya mwisho.

Msiombe zaidi ya mnachokimudu pia. Kama M20 ya 8.8 bado inawasumbua, ombeni M8 hadi M16 kwanza, saizi nyingine mtaongeza baadaye.

SWALI: Tulipeleka maabara sampuli za M16 × 100, gredi 8.8. Mbili zilikatikia shingoni, chini ya kichwa, kwenye kipimo cha kabari (bolti huvutwa kichwa kikiwa kimeegemea kabari). Ugumu ulikuwa kati ya HRC 19 na 35 (kipimo cha Rockwell), ilhali zote zilitoka kikapu kimoja. Fundi wa tanuru anasema waya ni mbovu.
Msimamizi wa ubora, Mwanza

JIBU: Waya mbovu haukupi 19 na 35 ndani ya kikapu kimoja. M16 ya 8.8 inatakiwa iwe HRC 22 hadi 32. Mtawanyiko wenu ni wa upashaji usio sawa au uzimaji usio sawa. Kikapu kikijazwa hadi juu, bolti za katikati hazifiki joto lililoandikwa ukutani. Zikifika, mafuta hayapenyi kuzizima kwa kasi, na hizo ndizo za 19. Za nje zimezimwa vizuri lakini tanuru la pili, la kulainisha, halikuzifikia ipasavyo, ndiyo 35. Punguzeni mzigo kwa theluthi moja, mafuta yazungushwe kwa pampu na yabaki kati ya nyuzi joto 50 na 70 za Selsiasi, kisha kila mkupuo pimeni bolti tano: pembe nne za kikapu, na ya tano kutoka katikati kabisa. Mkipima za juu tu mnajidanganya.

Joto la kulainisha lisishuke chini ya nyuzi joto 425, hicho ni kikomo cha kiwango. Ukimwona fundi anashusha tanuru hadi 390 ili ugumu upande, tatizo limeanza kabla, kwenye chuma au kwenye mafuta. Maabara hulinasa hilo kirahisi: huipasha bolti tena kwa nyuzi joto 415 kwa dakika 30, na wastani wa ugumu ukibadilika kwa HV 20 (kipimo cha Vickers) au zaidi, imeanguka.

Kuhusu shingo, hilo ni kosa jingine. Kwa bolti ya urefu huo, yenye sehemu ndefu isiyo na nyuzi, kabari ni ya digrii 10. Inatakiwa ibebe angalau kN 125 (kilonewtoni, kipimo cha nguvu ya kuvuta), na ikikatika ikatikie kwenye nyuzi au kiwiliwili. Nusukipenyo cha mviringo wa shingo kwa M16 kisipungue mm 0.6. Dai ya kufulia kichwa ikichakaa au kupasuka ukingo, huacha kona kali au mkunjo mdogo wa chuma, na ufa huanzia hapo. Ikateni bolti moja katikati kwa urefu, isugueni kwa msasa laini, iangalieni kwa lenzi. Mkunjo huonekana kama unywele mweusi.

SWALI: Bolti zetu za M12 zinapita kwenye geji (kipimio cha nyuzi) kabla ya zinki. Zikirudi kutoka kwa mpaka zinki, nati hazipandi. Tupanue nati?
Fundi, Dar es Salaam

JIBU: Hapana. Fanyeni hesabu kwanza. Nyuzi za M12 za ustahimilivu wa 6g (zilizopunguzwa kidogo ili kuachia tabaka) huacha nafasi ya mikroni 34 (elfu za milimita) kwenye kipenyo. Kwa kuwa mbavu za nyuzi zina mlalo, kila mikroni moja ya zinki huongeza kipenyo cha katikati kwa mikroni nne. Kwa hiyo mwisho wenu wa unene wa zinki ni mikroni 8.5. Mkiagiza 12 mmeongeza 48, nati itapandaje? Agizeni 5 hadi 8, na baada ya zinki pimeni kwa geji ya pete ya 6h (isiyo na nafasi hiyo).

Kupanua nati ni kwa bolti zilizochovywa kwenye zinki ya moto, ambako tabaka ni mikroni 40 au zaidi. Hapo nati hukatwa nyuzi baada ya kuchovywa, kwa 6AZ (ustahimilivu wa nati zilizopanuliwa), na hugongwa herufi Z. Nati yenye Z ikikutana na bolti ya zinki ya umeme, nyuzi huchubuka kabla bolti haijakaza.

SWALI: Lazima tununue mashine ya kuvuta bolti hadi ikatike?
Mmiliki wa karakana, Morogoro

JIBU: Kipaumbele ni mashine ya ugumu na geji za pete, kupita na kutopita, kwa kila saizi, maana vinahitajika kila zamu. Kuvuta mnaweza kupeleka maabara ya nje yenye ithibati, mradi mkataba na ripoti viwepo. Mkinunua, angalieni uwezo: M12 ya 8.8 inadai kN 67.4, lakini M20 inadai kN 203, hivyo mashine ya kN 100 itawaishia kwenye M14. Chochote mtakachonunua kiwe na cheti cha ugezi (uthibitisho wa usahihi wa kipimo) ambacho hakijaisha muda, pamoja na kipimajoto cha tanuru. Hicho cha tanuru ndicho wengi hukisahau.

SWALI: Tukipata alama ya TBS, Kenya watatupima upya?
Afisa masoko, Arusha

JIBU: Sheria ya viwango ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2006 inazitaka nchi wanachama zitambue alama za ubora za wenzao. Mzigo usafiri na nakala ya leseni, na saizi na gredi zilizo kwenye ankara ziwe zilezile zilizo kwenye leseni. M20 isiyo kwenye leseni hailindwi na alama ya M16.