Maswali Yenu: Mtundu na Kifaa Kipya

Barua nyingi za toleo hili zimetoka kwa watundu, yaani wale ambao kifaa kipya hakilali mezani kabla hakijafunguliwa, na ambao programu mpya haiwapiti bila kuionja. Nimechagua chache kati yake, kwa kuwa karibu kila mwandishi amekwama kwa sababu hakujiandalia njia ya kurudi, au amekilaumu kifaa kabla ya kukipima. Barua zimefupishwa.

SWALI: Ndugu mtaalamu, salaam. Mimi najihesabu kuwa mtundu wa teknolojia. Likitoka toleo la majaribio la mfumo wowote, mimi huwa miongoni mwa wa kwanza kulipakua. Sasa simu yangu, tangu niiwekee mfumo mwingine, haifungui tena programu ya benki. Kompyuta mpakato ninayoitegemea kwa kazi nataka kuiwekea Linux, mfumo endeshi wa bure unaoweza kuchukua nafasi ya Windows, lakini naogopa yasije yakanikuta yale yale. Je, niache majaribio?
*Mtundu aliyechoka*

JIBU: Usiache, ila badilisha mahali pa kufanyia. Kifaa kinachokuletea riziki na kifaa cha majaribio visiwe kimoja.

Tuanze na simu. Programu nyingi za benki, kabla ya kufunguka, huuliza kama simu bado iko katika hali inayotambuliwa na mtengenezaji wake. Ukishafungua kufuli la kuwashia, yaani kinga inayoizuia simu kuwaka kwa mfumo usio wa mtengenezaji, ili uweke mfumo mwingine, jibu huwa ni hapana, na programu hukataa kazi. Hiyo si hitilafu. Ndivyo ilivyokusudiwa, kwa maana simu iliyofunguliwa hivyo ni rahisi zaidi kuchezewa na mtu mwenye nia mbaya. Ukitaka kurudi nyuma, weka kwanza mfumo asilia wa mtengenezaji ukiwa kamili, uhakikishe simu inawaka sawasawa, ndipo ufunge kufuli. Anayelifunga huku mfumo wa kigeni ungali ndani anaweza kubaki na simu isiyowaka kabisa. Kumbuka pia kwamba kufungua kufuli, na mara nyingi kulifunga, hufuta kila kitu kilichomo kwenye simu, kwa hiyo picha na namba zihamishwe mapema. Kwa majaribio yajayo tumia ile simu ya zamani iliyolala kabatini.

Kuhusu kompyuta, kuna njia mbili za kuionja Linux bila kugusa diski yako, na nashauri uzitumie zote mbili kwa sababu kila moja inakuonyesha jambo ambalo nyingine haikuonyeshi. Ya kwanza ni kompyuta pepe, ambapo programu kama VirtualBox hutengeneza kompyuta ya kubuni ndani ya ile uliyo nayo. Uzuri wake mkubwa ni kwamba unaweza kuhifadhi hali yake ilivyo, ukavuruga utakavyo, kisha ukarudi palepale ulipokuwa kwa kubofya mara moja. Kasoro yake ni kwamba mfumo ulio ndani hauvioni vifaa vyako halisi. Unaona kadi ya mtandao ya kubuni na skrini ya kubuni, ambazo karibu kila mara hufanya kazi vizuri. Mtu hufurahi, akausimika mfumo kwenye diski, halafu akagundua kwamba Wi-Fi haishiki na sauti haitoki.

Hapo ndipo njia ya pili inapohitajika, yaani kuwasha kompyuta kwa flashi yenye Linux bila kuisimika. Safari hii mfumo unakutana na vifaa vyenyewe. Jaribu Wi-Fi, sauti, kamera na mwangaza wa skrini, kisha ifunike kompyuta ilale na uifunue uone kama inaamka; jaribio hili la mwisho wengi hulisahau, na ndilo linalowaudhi baadaye. Ukizima, mabadiliko uliyoyafanya hupotea na diski yako hubaki kama ilivyokuwa, maadamu hukuiandika kwa makusudi.

Kabla ya kusimika moja kwa moja, fanya mambo matatu. Kompyuta nyingi za siku hizi zenye Windows hufunga diski kwa usimbaji (data hugeuzwa isisomeke bila ufunguo) bila mwenyewe kujua, na ukibadilisha mpangilio wa kuwashia huweza kukudai ufunguo wa kurejesha. Ufunguo huo uutafute sasa na uuandike mahali nje ya kompyuta hiyo. La pili, faili la mfumo ulilopakua lihakikishe kwa alama yake ya SHA-256, ambayo ni mfuatano wa herufi na tarakimu 64. Tovuti ya watengenezaji huionyesha. Nawe ukiikokotoa kwenye kompyuta yako, zote mbili lazima zifanane hadi herufi ya mwisho. La tatu, nakala ya akiba ya kazi zako ikae kwenye diski nyingine. Nakala iliyo kwenye diski ile ile unayotaka kuigawa si akiba.

SWALI: Nimenunua Raspberry Pi 4, ile kompyuta ndogo ya ubao mmoja, nikaunganisha kamera na diski ya nje. Inajizima na kuwaka yenyewe, hasa diski inapoanza kusoma. Chaja yangu ni ya simu, imeandikwa volti 5 na ampea 3, sawa na inavyotakiwa. Nimesimika mfumo upya mara kadhaa bila mafanikio. Je, nimeuziwa kifaa kibovu?
*Msomaji wa siku nyingi*

JIBU: Sidhani. Kusimika mfumo upya ni dawa ya ugonjwa mwingine. Huu una dalili zote za njaa ya umeme, na kompyuta yenyewe iko tayari kukuambia ukiiuliza. Fungua dirisha la amri, andika `vcgencmd get_throttled`. Likirudi jibu `0x0`, basi umeme hauna tatizo tangu ulipowasha. Likirudi `0x50000`, maana yake ni kwamba volti ziliwahi kushuka chini ya kiwango na kichakataji kikapunguzwa kasi, hata kama wakati huu mambo yametulia. Kiwango chenyewe ni takribani volti 4.63.

Maandishi ya kwenye chaja hayasemi lolote kuhusu waya, na mara nyingi mkosaji ni waya. Chukua waya mwembamba wenye ukinzani wa omu 0.2 kwa kwenda na kurudi. Mkondo wa ampea 1 ukipita, unapoteza volti 0.2 njiani, na hakuna atakayehisi. Diski ikianza kuzunguka na mkondo ukafika ampea 2.5, zinapotea volti 0.5, zile 5 zilizotoka kwenye chaja zinafika zikiwa 4.5, na kompyuta inajizima. Ndiyo sababu chaja rasmi ya kifaa hiki hutoa volti 5.1 badala ya 5 kamili, na waya wake haung'oki. Tumia chaja ya namna hiyo, na diski ya nje ipe umeme wake yenyewe kupitia kigawio cha USB chenye chaja. Kama unafikiria kuhamia Raspberry Pi 5, ujue kwamba hiyo hutaka hadi ampea 5, na chaja nyingi za simu hazitoi kiasi hicho zikiwa kwenye volti 5.

Jambo moja ambalo hukuuliza: kila inapojizima ghafla, kadi ya kumbukumbu inaweza kuharibika, kwa kuwa ilikuwa katikati ya kuandika. Ukishatatua umeme na bado ukaona mafaili ya ajabu, hapo ndipo kusimika upya kutakuwa na maana.

SWALI: Kihisi changu cha kupimia umbali, HC-SR04, nataka kukiunganisha na Raspberry Pi. Rafiki yangu ameniambia nitaiunguza. Ni kweli?
*Mwanafunzi*

JIBU: Rafiki yako ana haki ya kukuonya. Kihisi hicho hutumia volti 5 na waya wake wa mwangwi (ulioandikwa Echo) hurudisha volti 5, ilhali pini za Raspberry Pi zinavumilia 3.3 tu. Weka vikinza (vipande vinavyozuia mkondo wa umeme) viwili kwa mfuatano, cha omu 1,000 kikianzia kwenye waya wa mwangwi na cha omu 2,000 kikiishia kwenye ardhi ya saketi, kisha pini uiunganishe hapo vinapokutana. Volti 5 zinagawanyika, pini inapata kama 3.3. Pima kwa mita ya volti kabla ya kuunganisha. Ni kazi ya dakika moja.

SWALI: Najifunza Python, lugha ya kuandikia programu. Nimeandika programu ya kujumlisha matumizi yangu, nikaambiwa 0.1 na 0.2 ni 0.30000000000000004. Nimepitia msimbo wangu wote sijaona kosa. Je, lugha hii ina dosari?
*Anayeanza*

JIBU: Msimbo wako ni mzima na lugha ni nzima, jaribu lugha nyingine nyingi utapata jibu hilo hilo. Kompyuta huhifadhi namba zenye nukta kwa mfumo wa jozi (wa 0 na 1 tu), kwa kanuni iitwayo IEEE 754 iliyotolewa mwaka 1985, na katika mfumo huo sehemu moja ya kumi haiandikiki kikamilifu, kama vile theluthi moja isivyoandikika kikamilifu katika desimali: utaandika 0.333 hadi uchoke. Kompyuta hukata mahali fulani, na kile kipande kilichokatwa ndicho kinachojitokeza mwishoni.

Kwa hesabu za fedha, njia ninayoipenda ni kuhifadhi kila kitu kwa senti, yaani namba nzima, na kugawa kwa 100 wakati wa kuonyesha tu. Ukipendelea desimali halisi, Python ina moduli ya `decimal`; lakini uandike `Decimal("0.1")` kwa alama za kunukuu. Ukiandika `Decimal(0.1)` unakuwa umeipa namba ambayo tayari imekwisha kukatwa, nayo itaihifadhi hivyo hivyo kwa uaminifu.

SWALI: Siku hizi naiomba programu ya akili unde iniandikie msimbo, nami nanakili na kuuendesha. Kazi inakwenda haraka. Mwenzangu anasema najidanganya. Wewe wasemaje?
*Mpenda njia fupi*

JIBU: Kuomba si vibaya; tatizo lako liko kwenye neno "nanakili". Programu hizi wakati mwingine hukutajia maktaba (fungu la msimbo uliokwisha kuandikwa na wengine) ambayo haipo, kwa jina linalosikika kuwa la kweli kabisa, na wapo wahalifu wanaosajili majina kama hayo na kuweka humo msimbo wa wizi. Kwa hiyo kila maktaba usiyoifahamu itafute kwanza kwenye orodha rasmi, uone inatunzwa na nani na tangu lini, ndipo uisimike, tena ndani ya mazingira pepe, yaani sehemu iliyotengwa kwa ajili ya mradi huo pekee.

Kisha tumia Git, chombo alichokianzisha Linus Torvalds mwaka 2005 kwa ajili ya kutunza msimbo wa Linux. Hifadhi hali ya mradi kabla ya kubandika chochote. Baada ya kubandika, andika `git diff` nayo itakuonyesha mstari kwa mstari kilichoongezwa na kilichoondolewa. Mstari usioweza kumweleza mwenzako unafanya nini, uulizie tena au uufute. Utapunguza mwendo, na mwanzoni hilo litakukera, lakini siku programu itakapogoma utajua pa kuanzia kutafuta.

SWALI: Pawabenki yangu imeandikwa mAh (miliampeasaa) 10,000 na simu yangu ina betri ya mAh 5,000. Mbona haiichaji mara mbili?
*Mdadisi*

JIBU: Kwa sababu namba hizo mbili hazikupimwa kwa volti zile zile. Betri ya pawabenki ni ya volti 3.7, hivyo akiba yake, yaani volti 3.7 mara ampeasaa 10, ni watisaa 37. Umeme huo hupandishwa hadi volti 5 ili upite kwenye waya, kisha simu huushusha tena, na kila hatua hula sehemu yake kwa njia ya joto. Tuseme zinafika asilimia 85, sawa na watisaa 31 hivi. Betri ya simu, kwa volti 3.85, hutaka kama 19. Gawanya: utaijaza mara moja na zaidi kidogo ya nusu. Pawabenki nyingi zina namba ya pili iliyoandikwa kwa herufi ndogo, ambayo ni uwezo wake kwenye volti 5. Ukienda kununua nyingine, linganisha kwa hiyo.